Kilima Hakisafiri na Lori

Ndugu msikilizaji, je, lori la mifugo lahitaji ubao wa kupandishia? Huko Maguu, kwenye vilima vya Umatengo, mwenye lori aweza kujibu hapana: gari hurudishwa nyuma hadi kwenye ukingo, sakafu ikalingana na ardhi, nguruwe akaingia kwa miguu yake. Ni werevu.

Lakini kilima hakisafiri. Mjini, penye tambarare, mnyama husukumwa aruke. Akivunjika mguu, na bei huvunjika.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008; kinachokosekana ni ubao. Uwe mrefu, maana mfupi huleta mteremko mkali. Upigiliwe vipande vya miti, kwato zisiteleze. Gharama yake haifikii ng'ombe mmoja. Tafakari.