Viluwiluwi Pipani: Ni Mbu Gani Hao?

Je, umewahi kufunua pipa la maji nyumbani ukakuta vidudu vinajipindapinda? Wengi wetu tunavisukuma pembeni kwa kata, tunachota, maisha yanaendelea. Hao ni viluwiluwi, watoto wa mbu. Na mbu si wa aina moja, hivyo inafaa ujue unaishi na nani.

Simama kimya kidogo, maana wakiona kivuli chako huzama. Wakirudi juu kupumua, angalia wanavyokaa. Kiluwiluwi wa Anofelesi, anayeeneza malaria, hulala bapa juu ya maji kama kijiti. Wa Kuleksi na wa Edesi huning'inia kichwa chini, wakipumulia kijibomba kilichoko karibu na mkia. Sasa hawa wawili utawatofautishaje? Kwa macho matupu ni kazi. Afadhali uwalee.

Chota wachache pamoja na maji yao, uwatie kwenye kopo pana la plastiki. Funga mdomo kwa kipande cha chandarua na mpira, tena ukaze! Weka kivulini. Chakula ni unga kidogo wa biskuti, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili. Ukizidisha, maji yanachacha nao wanakufa. Baada ya siku kadhaa watajikunja kama alama ya mkato. Hapo hawali tena, na baada ya siku mbili hivi mbu wanatoka.

Mwenye madoa meupe miguuni na mwili mweusi ni Edesi, anayeeneza homa ya dengi, ile iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Anayetua akiinua makalio juu ni Anofelesi. Wa kahawia, mgongo sambamba na ukuta, huenda ni Kuleksi, mpenzi wa maji machafu ya vyoo. Huyu hueneza matende.

Usimwachie hata mmoja, jamani. Mimina maji ya moto kupitia chandarua hicho hicho.

Na pipa je? Kumwaga maji hakutoshi. Mayai ya Edesi hung'ang'ania kuta za ndani na huweza kukaa makavu kwa miezi, yakisubiri maji tu. Mwaga mahali pakavu, sugua kuta kwa brashi kila wiki, halafu funika pipa lisibaki hata upenyo.