Mpiga picha, na wewe uingie kwenye picha

Mpiga picha ana vituko vyake. Akikaribishwa sebuleni, hutazama kwanza dirisha liko upande gani. Chakula mezani hupoa akikitafutia mwanga. Hayo watu huyacheka tu.

Kinachoumiza ni kuhamishia kazi nyumbani. Jumamosi nzima yuko kwenye harusi za watu. Siku ya kuzaliwa ya mwanawe nayo inageuka kazi: "Inua kidevu. Kata keki tena, hiyo haikutoka vizuri." Mtoto anacheka kwa amri, na picha zikitoka, baba hayumo hata moja.

Mwaka 2014, mwanasaikolojia Linda Henkel wa Marekani alichapisha utafiti uliofanyika kwenye jumba la makumbusho. Washiriki walivikumbuka kidogo vitu walivyovipiga picha vikiwa vizima kuliko vile walivyovitazama tu.

Mzazi mwenye simu, nawe yanakuhusu. Enzi za filamu ya picha 36, mtu alifikiri kabla ya kubonyeza. Irudishe nidhamu hiyo: piga tatu, kisha mpe shangazi kamera, ukakae karibu na mwanao.