Aloha, Mhola na Poa: Ubaridi katika Salamu

Neno la Kihawaii *aloha* hukusanya upendo, huruma, salamu na kwaheri. *Lei*, koja la maua, manyoya au makombe, huufanya upendo huo ushikike. Kwa Wasukuma wa Shinyanga na Geita, mahali pa koja pana goti la mwanamke anayeamkia. Baada ya *mwangaluka* ya asubuhi huulizwa *mhola?*, na jibu ni neno lilo hilo. Mzizi *-hol-* unatokana na *\*-pód-* ya Mame-Bantu, yaani 'kupoa', ambapo *\*p* imekuwa *h*. Kiswahili kimeihifadhi *p* katika *poa*. Hivyo *poa* ya vijana wa machimboni, inayoshutumiwa bila haki kuwa uharibifu wa lugha, inarudia sitiari kongwe: amani ni ubaridi. Hata hivyo, *mhola* haitaji upendo wa msemaji. Hutaja hali ya anayeulizwa.