Boriti Ndiyo Iliyopima Msikiti

Ukiingia katika magofu ya msikiti mkuu wa Gedi, karibu na Malindi, utaona safu tatu za nguzo, na safu ya kati imesimama sawia na mihrabu. Muumini aliyeswali nyuma ya safu hiyo alikuwa akitazama nguzo, hakumwona imamu. Wageni wengi hudhani fundi alikosea vipimo. Hakukosea. Sababu yenyewe ilikuwa juu, kwenye dari ambayo leo haipo tena.

Dari ya mawe ya pwani ilibebwa na boriti za mikoko. Mti huu ni mgumu, mchwa hawaumalizi upesi, na delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu vimekuwa vikiutoa kwa karne nyingi. Ila boriti iliyonyooka, inayoweza kuhimili uzito wa mawe na chokaa, haivuki nafasi pana: mita 3 hivi, na mara nyingi hata hazifiki. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu na vyembamba. Nyumba inaweza kuridhika na wembamba huo, lakini msikiti wa Ijumaa unahitaji upana ili watu wapange safu za swala. Fundi alilazimika kuongeza nguzo, na safu za nguzo zikiwa witiri, moja lazima iangukie mbele ya mihrabu.

Mihrabu hiyo iko upande wa kaskazini. Makka imekaa karibu katika longitudo moja na pwani yetu, kwa hiyo kutoka Kilwa hadi Lamu kibla ni kaskazini, kwa tofauti ndogo tu. Na hapo kwenye mihrabu ndipo fundi alipomimina ustadi wake wote. Kuta alizijenga kwa mawe magumu ya matumbawe ya kale, yanayochimbwa nchi kavu, lakini kwa nakshi alitafuta matumbawe hai yaliyokatwa chini ya maji. Jiwe hilo likitoka baharini bichi huwa laini, huchongeka kwa urahisi, kisha likikauka hugeuka gumu na kushika kila mstari uliochorwa juu yake. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, maandishi ya Kikufi kwenye mihrabu ya msikiti yaliyochongwa kwa jiwe la namna hiyo yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na bado yanasomeka. Sehemu kubwa ya msikiti wenyewe ilijengwa upya karne ya 18. Mihrabu ndiyo iliyodumu.

Kwa muda mrefu iliandikwa kwamba ufundi huu uliletwa ukiwa tayari umekamilika, kutoka Uajemi au Arabuni. Mimi siafiki, na ushahidi uko ardhini. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 akakuta misikiti imejengwa mahali palepale, mmoja juu ya mwingine. Ya chini kabisa, ya karne ya 8, ilikuwa midogo na ya miti. Ya mawe ilifuata baadaye. Mitindo ya ng'ambo ilikuja na majahazi, hilo halina ubishi, lakini iliwakuta watu ambao tayari walikuwa wakijenga na kuswali.

Waliothubutu kuivuka mipaka ya boriti walikuwa watu wa Kilwa. Mwanzoni mwa karne ya 14, dhahabu ya Sofala ilipokuwa ikipitia bandarini kwao, Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliupanua msikiti mkuu mara kadhaa ya ukubwa wake wa awali. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, katika zama za sultani huyo. Upanuzi ule ulianguka, ukajengwa upya karne ya 15, na huo ndio tunaouona leo: nguzo za pembe nane, matao, na juu yake kuba na dari za mviringo. Kuba haihitaji boriti. Uzito wake hushuka kupitia tao hadi kwenye nguzo, na mawe hubanana yenyewe kwa yenyewe. Kwangu mimi, hakuna jengo la pwani linaloonyesha fikra pevu kuliko hilo.

Kinachoshikilia yote haya ni chokaa, iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo, kisha kuizima na kuiacha ikae muda mrefu kabla ya kutumika. Ukuta wa chokaa hupumua: unyevu na chumvi ya bahari huingia na kutoka. Saruji huuziba. Maji hubaki ndani, chumvi hujikusanya, jiwe hubomoka nyuma ya lipu inayong'aa, na siku lipu inapodondoka huanguka pamoja na nakshi.

Kamati za misikiti ya kale hufanya ukarabati kwa nia njema na kwa sadaka za waumini, na saruji ipo kila duka. Nawasihi: kabla ya kununua mfuko wa kwanza, mtafuteni fundi wa chokaa. Bado wapo Unguja, Lamu na Kilwa.