Mikono ya mwanafunzi hunena kabla ya ulimi

MWANAFUNZI anapoulizwa iwapo pembetatu yaweza kuundwa kwa vijiti vya sentimita 3, 4 na 10, huenda akanyamaza kwanza. Kisha huinua mikono yake miwili, akaitenganisha na kuiinamisha polepole, mmoja kuelekea mwingine, kama paa linaloporomoka.

Ncha za vidole hazikutani. Kabla hajatamka neno, tayari ameonyesha kiini cha jibu: pande mbili za pembetatu zikijumlishwa, sharti ziuzidi upande wa tatu.

Wataalamu wa elimu wanasema kuwa ishara za aina hii si pambo la mazungumzo, bali ni sehemu ya kufikiri kwenyewe.

Tangu miaka ya 1980, Susan Goldin-Meadow wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, na wenzake wamechunguza watoto wanaoonyeshwa maji yakimiminwa kutoka bilauri ndefu hadi bakuli pana. Mtoto aweza kushikilia kuwa maji yamepungua kwa sababu kimo chake kimeshuka, ilhali mikono yake inachora upana wa bakuli. Watoto ambao maneno na mikono yao havipatani hivyo ndio walionufaika zaidi walipofundishwa.

Katika jiometri, Mitchell Nathan wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison na Candace Walkington wa Chuo Kikuu cha Southern Methodist, Dallas, wameonyesha kwamba ishara hutofautiana. Kuna zile zinazounda umbo lililotulia, kama vile vidole kuunganishwa kuwa pembetatu. Nyingine hulibadilisha umbo: upande hurefushwa, pembe hupanuliwa, umbo zima huzungushwa.

Wanafunzi wanaotumia ishara za aina ya pili aghalabu ndio wanaotoa uthibitisho sahihi. Sababu yaeleweka. Kanuni ya jiometri haihusu pembetatu moja iliyochorwa ubaoni, bali pembetatu zote. Mchoro umesimama mahali pamoja. Mkono unaosonga hupitia maumbo mengi kwa mara moja.

Hata hivyo, mikono peke yake haitoshi. Katika utafiti wa Nathan na wenzake uliochapishwa mwaka wa 2014, wanafunzi walioelekezwa kufanya miondoko inayohusiana na swali walisaidika kung'amua kiini chake, lakini miondoko hiyo pekee haikuzaa uthibitisho bora. Sharti maneno yaifuate.

Hapo ndipo mwalimu anapohitajika. Karatasi ya mtihani haina macho, na anayesahihisha hutuza alama kwa kilichoandikwa tu. Mwanafunzi anayekemewa atulize mikono hupokonywa chombo cha kazi, na yule aliyejibu visivyo kwa mdomo huenda alikuwa amebakisha hatua moja tu.

Mwalimu aliyeiona mikono yake aweza kumwambia: "Hebu onyesha tena, kisha utueleze unachofanya."