Kuchoka kwa Moyo na Kufanywa Upya

Mhariri ameniomba niandike kidogo juu ya jambo ambalo wengi wetu huona haya kulitaja, nalo ni kuchoka kwa moyo. Sisemi kuchoka kwa mwili. Mtu aliyelima tangu alfajiri hulala usiku, na kesho yake huamka mzima. Nasema uchovu ule usioondoka kwa usingizi: mtu husali lakini haoni ladha ya sala, hufanya kazi yake lakini haoni faida yake, na rafiki akimjia humwona kama mzigo mwingine.

Mimi mwenyewe nalipatwa na uchovu huo mwaka wa 2016. Nalikuwa mwalimu wa hesabu katika shule moja huku Kigezi. Mwezi wa Aprili mama yangu alipatwa na kiharusi, akawekwa kwa dada yangu Mbarara. Basi kila Ijumaa jioni nalipanda gari kwenda kumwuguza, na Jumapili usiku nalirudi na madaftari yale yale ambayo sikupata nafasi ya kuyasahihisha. Juu ya hayo nalikuwa nikiongoza sala za asubuhi. Siku moja niliposema "Amina," na wanafunzi wakaitika, nikatambua kwamba sikumbuki hata neno moja katika yale niliyokuwa nikiomba. Naliogopa sana. Wiki ile nikaandika barua ya kuacha kazi, nikaitia mfukoni.

Jirani yangu alikuwa mzee seremala, mmoja wa wale waitwao Balokole, maana yake waliookoka. Alinipita njiani, akanitazama, akarudi. Hakuniuliza habari za imani yangu. Aliniuliza, "Mwalimu, leo umekula?" Nikasema, "Bado, mzee." Akanipeleka kwake, akanipa viazi na maharagwe na kikombe cha bushera, ule uji wa mtama wa kwetu. Nilipokwisha kula nikamweleza yote, hata ile barua nikamwonyesha. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, hukuwa wa kwanza. Hata hao Balokole walianza kwa mtu aliyechoka."

Ndipo aliponisimulia habari ambayo baadaye naliisoma mwenyewe vitabuni. Mwaka wa 1928 daktari Mwingereza, Joe Church, alifika Gahini katika Rwanda, kando ya ziwa Muhazi, afanye kazi katika hospitali ya misheni. Alikuwa kijana mwenye bidii na matumaini makubwa. Lakini mwaka ule ule na uliofuata nchi ile ilipatwa na njaa kuu. Watu wengi wakafa, na wengine wakahama kuja Uganda kutafuta chakula. Daktari akajitahidi, akajitahidi tena, mpaka nguvu zikamwishia, na pamoja nazo ile furaha aliyokuja nayo. Mwezi wa Septemba 1929 alikuja Kampala kupumzika.

Huko, katika kilima cha Namirembe, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya afya ya serikali. Nsibambi naye alikuwa na kiu ya kumjua Mungu zaidi. Basi wakaketi pamoja siku mbili, wakifungua Biblia, wakisali, na kila mmoja akiungama upungufu wake mbele ya mwenzake. Fikirini, jamaa, ilikuwa miaka ya ukoloni: daktari wa Kizungu anamwambia Mwafrika waziwazi kwamba moyo wake mkavu! Church alirudi Gahini mtu mpya. Nsibambi akaacha kazi ya serikali, akajitoa kuhubiri. Ndugu yake, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu huko huko Gahini mpaka alipofariki mwezi wa Januari 1936. Kutoka hapo uamsho ukaenea: Kabale walifanya mkutano mkubwa mwaka wa 1935, Kenya ukafika mwaka wa 1937, na Tanganyika na Burundi vilevile.

Sasa angalieni jambo hili, maana ndilo hasa lililonifanya niandike. Church aliporudi Gahini, hospitali ilikuwa ile ile, wagonjwa wale wale, na taabu ile ile. Mzigo haukuondolewa. Kilichoondolewa ni kuubeba peke yake, na kule kujifanya kuwa ana nguvu.

Ukisoma Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, utaona njia hiyo hiyo. Nabii Eliya alimkimbia Yezebeli, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Mungu hakumkemea. Kwanza alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akampa mkate na maji, akalala tena, akapewa tena. Baada ya hayo ndipo alipotembea mpaka Horebu, na huko akaulizwa anafanya nini. Eliya akatoa uchungu wake wote, akisema amebaki peke yake. Akajibiwa kwamba wako watu 7,000 wasiomsujudia Baali. Mwisho akarudishwa kazini, naye akapewa Elisha awe mwenzake.

Basi katika habari hizi mbili naona mambo manne. La kwanza, mwili upewe haki yake. Mwanafunzi asiyelala wiki tatu kabla ya mtihani asijilaumu kwamba imani yake imepungua. Na alale kwanza. Na mtu akiona huzuni haimtoki, au hana hamu ya kuishi, aende kwa daktari pia. Hata Church alikuwa daktari, na dawa si adui wa sala. La pili, mtu aseme kweli ya moyo wake kwa Mungu na kwa mwenzake mmoja mwaminifu. La tatu, wakae na Neno pamoja, pasipo haraka, hata kama ni aya chache tu. La nne, arudi kazini, lakini asirudi peke yake.

Mimi sikuipeleka ile barua. Kwa shauri la mzee nalimwendea mwalimu mwenzangu, nikamwambia hali yangu. Kumbe yeye naye alikuwa amechoka tangu mwaka uliotangulia, akijiona yeye peke yake ndiye mwenye kasoro! Tukagawana zamu za sala, na kila Jumatano jioni tulisoma sura moja pamoja. Furaha haikuja siku moja. Ilirudi kidogo kidogo, kama maji yanavyorudi kisimani baada ya kiangazi. Mama yangu hakupona. Alifariki mwaka uliofuata. Lakini zile Jumamosi za mwisho nalikaa kando ya kitanda chake nikiwa mtu mwenye moyo, si mtumwa anayehesabu saa. Neema hiyo siwezi kuisahau.

Ninyi mlio bado madarasani, na ninyi wenzangu wa zamani mlio na kazi, madeni na wagonjwa nyumbani, msione haya kusema, "Nimechoka." Na ukimwona mwenzako amenyamaza siku hizi, usianze kwa mahubiri. Muulize kwanza kama amekula.