Aliteleza Lakini Hakuanguka: Mambo ya Kumweleza Daktari

Mtu akikosea ngazi akawahi kushika ukuta, husema "Alhamdulillahi, sikuanguka," na jambo likaishia hapo. Hata hivyo, bega lililovutika au kifundo cha mguu kilichoteguka huendelea kuuma. Siku anapofika hospitali na kuulizwa iwapo ameanguka, hujibu "la". Katika faili huandikwa maumivu tu, na chanzo chake kikapotea. Mwingine hujibu "nilianguka kidogo" ilhali aliteleza tu, na faili lake likabeba kisa ambacho hakikutokea.

Kisa huandikwaje?

Nchini Marekani, tangu tarehe 1 Oktoba 2015, hospitali na zahanati hutumia orodha ya misimbo iitwayo ICD-10-CM. Msimbo ni herufi na tarakimu zinazosimama badala ya maelezo. Jeraha lina msimbo wake, na chanzo cha jeraha kina msimbo mwingine. Kuteleza, kujikwaa au kupepesuka bila kuanguka kumetengewa kundi la W18.4. Ndani yake, W18.41 ni ya aliyekanyaga kitu, W18.42 ni ya aliyetumbukiza mguu katika shimo au uwazi, na W18.43 ni ya aliyekuwa akitoka kimo kimoja kwenda kingine, kama vile ukingo wa barabara.

Misimbo ya chanzo hailazimishwi kila mahali. Hutegemea jimbo na kampuni ya bima. Lakini anayeweka misimbo hamwoni mgonjwa. Husoma yale tu yaliyoandikwa na daktari, na daktari huandika aliyoelezwa.

Kwa nini tofauti hii ina uzito?

Kwa mzee, kupepesuka mara kwa mara ni dalili hata kama hajawahi kuanguka. Huenda sababu ni dawa, shinikizo la damu au macho, na tiba ikapatikana kabla nyonga haijavunjika. Kwa mfanyakazi aliyeumia kazini, maelezo ya hospitali yakitofautiana na taarifa aliyompa mwajiri, madai yake ya fidia huweza kucheleweshwa au kutiliwa shaka.

Mambo matano ya kueleza

- Je, mwili uligusa chini, au alijizuia? Alijizuia kwa kushika nini?
- Mguu uliteleza, ulikwaa kitu, au ulikosa pa kukanyaga?
- Palikuwa wapi, na alikuwa akifanya nini?
- Kabla ya hapo alihisi kizunguzungu, giza machoni au miguu kulegea?
- Ni upande upi unaouma, wa kulia au wa kushoto?

Asiyekumbuka aseme hakumbuki. Hilo ni bora kuliko kukisia.

Mkalimani

Hospitali na zahanati zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho zinatakiwa kumpatia mgonjwa mkalimani bila malipo. Si vyema mtoto atafsiri maneno ya mzazi wake. Maneno kama kuteleza, kujikwaa na kuanguka huchanganywa kwa urahisi, na mzazi huweza kuficha jambo mbele ya mwanawe.

Kosa likionekana katika faili

Mgonjwa ana haki ya kuomba nakala ya faili lake, na kwa kawaida apewe ndani ya siku 30. Akikuta kosa, anaweza kuomba kwa maandishi lisahihishwe, na kwa kawaida ajibiwe ndani ya siku 60. Ombi likikataliwa, lazima aelezwe sababu kwa maandishi, naye ana haki ya kuwasilisha maelezo yake ya kutokubaliana.

Kusema "sikuanguka, ila niliteleza nikashika reli, na tangu hapo bega la kulia linauma" huchukua muda mfupi sana, na humpa daktari mahali pa kuanzia.